Mioyo ya Mabinti wa Mek Nab

Mdogo wangu Zawiyah aliponiambia kwamba hatakwenda kupasuliwa tena, nilikuwa nakaanga ndizi. Ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi, na baada ya robo saa kengele ya mapumziko ingelia, watoto mia tatu wa shule ya msingi waivamie kantini yangu kama nzige. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akakaa juu ya gunia la mchele, akasubiri pumzi imrudie. Kutoka getini hadi jikoni kwangu si mbali, lakini siku hizo Yah alikuwa akisimama mara mbili njiani na kujifanya anafunga mtandio.

"Dada, nimeamua," akasema. "Siendi."

"Huendi wapi?"

"Kwani kuna wapi pengine?"

Nikaendelea kugeuza ndizi. Ingefaa nilie, au nimkemee. Badala yake, kitu kilichokuwa kimekaza mabega yangu tangu nikiwa na miaka kumi na miwili kililegea. Nilishukuru. Sina neno jingine la kusema. Kisha haya ikanishika, nikaziopoa ndizi kabla hazijaiva, ikabidi nizirudishe kwenye mafuta.

"Husemi kitu?" akauliza.

"Ngoja watoto wale kwanza."

Yah alizaliwa na moyo wenye kasoro. Ile vali kubwa, mlango unaopitisha damu kutoka moyoni kwenda mwilini, kwa watu wengi ina vipande vitatu vinavyofunguka na kufunga. Yake ilikuwa na viwili, na viwili hivyo vilishikana. Haya tuliyajua baadaye. Wakati ule tulichokijua sisi watu wa Machang, mji mdogo wa kaskazini mwa Malaysia, ni kwamba mtoto akikimbia anaanguka, na akianguka anakuwa mweupe kama wali. Mama yetu, Mek Nab, aliuza majani ya kula na mboga sokoni, na meza ya sokoni haina likizo. Akaniambia, "Som, huyu ni wako." Nikampeleka shule mgongoni miaka miwili, mpaka watu wasiotujua wakadhani nimemzaa.

Alipofikisha miaka kumi na mmoja walimpasua Kuala Lumpur, wakautanua ule mlango. Nilikaa kando ya kitanda chake siku kumi na sita. Alipokuwa na miaka ishirini na minne ulikuwa umeshaziba tena, wakamwekea mwingine. Angeweza kupewa ule mgumu wa kiwandani, unaodumu, lakini ule unataka dawa ya kuzuia damu isigande maisha yote, na dawa ile na mimba havipatani. Yah alikuwa ameolewa na Rosdi mwaka mmoja tu na alitaka mtoto. Kwa hiyo akachagua vali iliyoshonwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe. Walimweleza wazi kwamba itachakaa, pengine baada ya miaka kumi, pengine kumi na mitano. Akasema sawa. Akampata Aina. Na kila Idi ya kuchinja Rosdi, ambaye ni dereva wa lori na hana haya, alimwambia, "Mke wangu, leo usipite karibu na msikiti. Wakisikia moyo unavyodunda watakuangusha kibla."

Safari hiyo ya pili nilikaa kando ya kitanda chake siku ishirini na mbili. Niliporudi Machang, mume wangu alikuwa amehamia kwa mama yake. Simlaumu sana. Hatukujaliwa mtoto, na alichoka kuishi na mwanamke aliyeolewa na ugonjwa wa mdogo wake.

Sasa ule mlango wa ng'ombe ulikuwa na miaka kumi na saba, na Yah arobaini na mmoja.

Juma lililofuata tulikwenda kliniki ya moyo mjini Kota Bharu. Nilitaka akamwambie daktari mwenyewe, kwa mdomo wake, nisije nikaambiwa mimi ndiye niliyemkatisha tamaa. Daktari Sivakami alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mvi, avaaye viatu vya mazoezi chini ya sari. Alimsikiliza Yah kifuani, kisha akamsikiliza mdomoni.

"Siogopi, daktari," Yah akasema. "Nimechoka. Mara mbili mmenifungua kifua kama kabati la nguo. Mara zote mbili nimejifunza upya kutembea, kucheka, kupiga chafya. Sitaki kujifunza tena."

"Tukiiacha vali hiyo, nakupa mwaka mmoja. Ukibahatika, miwili. Na si miaka ya kulala, mama. Utakaa wima kwenye mito ukitafuta pumzi."

"Nimesikia."

Daktari hakubishana. Aliandika, akafunua kurasa za nyuma za lile faili nene, akasimama kwenye karatasi moja iliyogeuka rangi.

"Binti yako ameshapimwa moyo?"

"Haumwi."

"Sijauliza kama anaumwa. Na huyu dada yako?"

"Mimi?" nikasema. "Mimi ndiye ninayemleta."

"Ndiyo, nakuona kila mara. Kasoro hii hutembea katika ukoo. Hapa imeandikwa, miaka kumi na saba iliyopita, kwamba ndugu wa damu wapimwe. Mlipewa barua."

Yah akanitazama. Barua ile naikumbuka vizuri. Nilifungia dagaa.

Tulipimwa siku moja, mimi na Aina, ambaye alikuwa na miaka kumi na mitano na alikasirika kukosa mashindano ya mpira wa wavu. Yeye alitoka baada ya dakika ishirini, mzima kabisa. Ikaja zamu yangu. Mpimaji alikuwa binti mchanga, akinipaka ule ute baridi kifuani huku akinisimulia habari za harusi yake, ukumbi, rangi ya nguo, mama mkwe anayetaka rangi nyingine. Halafu akanyamaza. Nimekaa na wapimaji miaka thelathini. Mpimaji anayeongea ni heri. Alisogeza kifaa chake, akapiga picha, akasogeza tena, akatoka, akarudi na mwenzake, wakatazama kioo wote wawili.

"Vipande viwili," nikasema nikiwa nimelala.

"Daktari atakueleza, mama."

"Nakuuliza wewe. Ni viwili au vitatu?"

Akanifunika shuka mpaka mabegani. "Viwili," akasema.

Daktari Sivakami alinieleza taratibu. Mlango wangu haukuwa umeshikana tangu utotoni kama wa Yah. Ulifanya kazi vizuri miaka mingi, kisha ukaanza kukakamaa na kuwa mgumu kama chokaa, na sasa tundu lililobaki lilikuwa dogo kuliko alivyopenda kuliona. Akaniuliza kama pumzi inanipungukia. Nikasema hapana. Kizunguzungu? Nikasema ni joto la jiko. Kifua kubana? Nikasema nimenenepa.

"Kuna kitu ulikuwa unafanya mwaka juzi ambacho sasa hukifanyi?"

Nikaanza kuhesabu kichwani. Magunia ya mchele, ambayo siku hizi nilimwomba muuzaji ayaingize mwenyewe hadi ndani. Usingizi baada ya adhuhuri, mimi niliyekuwa nikiwacheka wanaolala mchana. Na tangu Ramadhani nilikuwa naswali kwenye kiti, nikiwaambia watu ni magoti. Magoti yangu hayana neno.

"Upasuaji wako ndio wa haraka zaidi," daktari akasema. "Sitaki ungojee hadi mwisho wa mwaka."

Ndani ya gari Yah alikaa mbele pamoja nami, Aina nyuma na vipokea sauti masikioni. Tulipovuka daraja, Yah akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikasimamisha gari pembeni.

"Nisamehe, dada. Ila fikiria. Miaka yote hiyo umenibeba mgongoni, na mgonjwa alikuwa chini."

"Hainichekeshi."

"Najua. Nitacheka peke yangu."

Sikulala vizuri majuma mawili. Mchana nilikuwa nikisimama mbele ya karai na kujisikiliza, nikigundua mambo ambayo yalikuwepo siku zote. Moyo ukipiga kwa nguvu nilipoinama kuchukua chumvi. Lile pazia jeusi lililopita mbele ya macho nilipoinuka. Nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapa majina mengine, uzee, mafuta, kazi. Na juu ya yote nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Mama alikuwa ameshazikwa. Barua niliifungia dagaa mimi mwenyewe.

Siku ya Ijumaa nilikwenda kwa Yah. Alikuwa kwenye cherehani, anashona nguo za harusi za watu, miguu imevimba juu ya vikanyagio. Nikamwambia kwamba na mimi nimeamua, siendi.

Akasimamisha mashine. "Huendi wapi?"

"Unapajua. Wewe huendi, mimi niende nikafanye nini? Tukae wote hapa. Rosdi atatuzika siku moja, apunguze safari."

"Usinifanyie biashara, dada."

"Sifanyi biashara. Nimechoka."

"Umechoka na nini?" Sauti yake ilipanda. "Hujaguswa hata na sindano. Hujui kuamka una bomba kooni, unataka kusema maji na huwezi. Mimi ndiye niliyeruhusiwa kuchoka humu ndani. Wewe hata hujaanza."

"Nimechoka kuliko wewe," nikasema. "Wewe ulikuwa umelala, Yah. Mimi nilikuwa kwenye kiti."

Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, yakatoka na mengine ambayo sikukusudia. "Ulipokuja kantini ukasema huendi, nilishukuru. Nakwambia ukweli. Sikuhuzunika. Nilifikiri, basi, yamekwisha, sitakaa tena kwenye kile kiti."

Nilidhani atalia au atanifukuza. Alichukua mkasi, akakata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye pindo, akakunja ile nguo.

"Nilijua," akasema. "Nilikuona. Mabega yalishuka namna hii." Akanionyesha. "Unafikiri nilikwenda kwako kwanza kwa nini, kabla ya Rosdi? Nilitaka kumwona mtu mmoja anafurahi kwa habari zangu."

Nje kuku wa jirani walikuwa wakichakura chini ya ngazi. Baadaye akaniambia nimpe maji, nikampa, akaniambia nichukue na mimi.

"Utakwenda," akasema alipomaliza kunywa. "Mimi nimechoka baada ya kupewa miaka thelathini. Wewe hujapewa hata mmoja. Nenda kwanza, halafu uje unichokee vizuri."

"Nani atakaa?"

"Kwenye kiti? Mimi."

"Wewe huwezi hata kupanda ngazi zako mwenyewe."

"Kiti hakina ngazi."

Rosdi alitupeleka Kuala Lumpur kwa gari la kaka yake, tukatumia saa nane njiani kwa sababu Yah alihitaji kusimama kila mara. Njia nzima Yah alinifundisha kama mwalimu wa chuoni. Nichukue blauzi za vifungo vya mbele, kwa kuwa mikono haitainuka. Nichukue mto mdogo wa kukumbatia, kila nikitaka kukohoa niubane kifuani. Kidonda nisikitazame siku ya kwanza, nikitazame siku ya tatu. Nesi akiniuliza maumivu ni mangapi kati ya kumi, nisijifanye shujaa, shujaa hapati usingizi. Na siku ya tano nitalia bila sababu, nisishangae, wote hulia siku ya tano.

"Wewe ulilia?" nikamwuliza. "Sikumbuki."

"Ulikuwa umekwenda kuninunulia uji. Nilikuwa nakusubiri utoke."

Nilichagua vali ile ngumu ya kiwandani. Katika umri wangu, daktari alisema, ningeweza kuchagua yoyote. Nilimwambia nataka isiyonirudisha pale.

Upasuaji wenyewe siwezi kuusimulia. Nilihesabu hadi nne, kisha nikaamka na bomba kooni, nataka kusema maji na siwezi. Mtu alikuwa akinilowesha midomo kwa pamba. Alikuwa Yah. Alikuwa amevaa barakoa na uso wake juu ya barakoa ulikuwa wa kijivu.

Waliponihamishia wodini Yah alikaa kweli kwenye kile kiti. Nilikuwa nikimtazama kati ya usingizi na usingizi. Miguu ilivimba mpaka ndara zikamkataa. Alisinzia kichwa kimeegemea ukuta, akashtuka kila nilipojigeuza, akauliza, "Nini? Unataka nini?" kabla macho hayajafunguka. Alipanga foleni kwenye dirisha la dawa. Alibishana na mgawa chakula juu ya wali uliopoa. Nesi mmoja, mwanamume mrefu kutoka Sabah, alisimama kati yetu siku ya tatu na kuuliza, "Samahani, mama zangu, mgonjwa ni yupi?"

"Huyu," Yah akasema, akininyooshea kidole. "Mimi ni mzima. Mimi ndiye ninayemleta."

Siku ya tano nililia. Yah hakutoka. Alikaa akitazama pembeni kwa adabu, kama mtu anavyotazama pembeni mwenziwe akivua nguo, na nilipomaliza akasema, "Kiti hiki kigumu, dada. Hukuwahi kusema."

"Ungefanya nini?"

"Ningepona upesi kidogo."

Nilirudi Machang baada ya siku kumi na nne. Kwa miezi mitatu sikuruhusiwa kuinua hata ndoo. Kifua kilikuwa kizito, kama nimelaliwa na ng'ombe, na ndani yake mlango mpya ulipiga tik, tik, ukasikika mezani watu wakinyamaza. Aina alisema, "Mama mkubwa, huwezi kucheza kibemasho tena. Tutakusikia ulikojificha mara moja." Na yale majani mabichi, ambayo mama yetu aliyauza maisha yake yote na sisi tuliyala kwa kila wali, sasa nililazimika kuyala kwa kipimo kilekile kila siku, kwa sababu yanapingana na dawa ya damu. Nilipozidisha, damu ikawa nzito mno. Nilipoyaacha kabisa kwa hasira, fizi zikatoka damu. Nesi wa kliniki alinikaripia mara zote mbili.

Wakati huo Yah alizidi kushuka. Sikumsihi. Nilikuwa nimeshasema nililosema na sikuwa na haki ya kusema jingine. Aina hakumsihi pia, ila aliacha mpira wa wavu, akawa anarudi nyumbani moja kwa moja, na Yah akaliona hilo asilitaje. Mwezi wa tisa, asubuhi moja, alinipigia simu. Alikuwa anashona vifungo kwenye koti la bwana harusi, vifungo sita, na baada ya cha pili alilazimika kujilaza sakafuni.

"Mpigie daktari," akasema.

"Umebadili nia?"

"Sijabadili kitu. Bado sitaki. Siwezi kupumua tu. Usije ukawaambia watu kwamba mmenishawishi."

Mara hii, kule Kuala Lumpur, aliyekaa kwenye kiti alikuwa Rosdi, kwani mimi mwenyewe nilikuwa bado najikongoja. Niliwafuata siku ya pili kwa ndege, mara yangu ya kwanza maishani, na mlango wangu ukagonga njia nzima nikadhani ni injini. Upasuaji wake haukwenda vizuri kama wangu. Kifua kilichofunguliwa mara tatu kinashikana ndani, na madaktari walitumia saa kumi na moja kumwekea vali ya kiwandani kama yangu. Figo zikagoma. Moyo ukasahau mwendo wake, ikabidi wamwekee kifaa kidogo chini ya ngozi, begani, cha kuukumbusha. Alikaa chumba cha mahututi siku tisa. Siku ya sita Rosdi, yule asiye na haya, alikaa kwenye ngazi za nje akala mkate mkavu bila kuuona, na hakumtania mtu.

Siku ya tisa Yah alifungua macho. Walipomtoa bomba, neno lake la kwanza lilikuwa, "Yeyote asiniambie nina bahati." Hakuna aliyemwambia.

Imepita miaka miwili. Yah anashona nusu siku. Uzi anatungiwa, kwa sababu mkono wa kushoto umebaki na ganzi. Sauti yake imekuwa nzito kama ya mwanamume anayevuta sigara, na watoto wa jirani humwogopa, jambo ambalo linamfurahisha. Aina anasoma Johor, anapiga simu Jumapili. Kantini nimempa mtu mwingine. Sijawa yule mtu wa zamani, na nikiulizwa najibu kwamba yule wa zamani hakuwepo, alikuwa mgonjwa asiyejua.

Kila mwezi tunakwenda kliniki ya damu, siku moja, namba zinazofuatana. Tunatobolewa vidole, tunaongezewa au kupunguziwa vidonge, tunarudi. Jumanne iliyopita foleni ilikuwa ndefu na mashine moja ilikuwa mbovu. Tulipotoka ilikuwa karibu saa nane, jua kali, na Rosdi alikuwa ameegesha gari mbali, ng'ambo ya uwanja. Tulifika kwenye ngazi za duka la dawa, tukakaa pale kivulini bila kuambiana. Nilifungua kifurushi cha wali, tukala kwa mkono mmoja mmoja, kila mtu na pamba kidoleni.

"Umechoka?" akaniuliza.

"Nimechoka. Wewe?"

"Sana."

Tukaendelea kula. Baada ya muda Rosdi akaja kwa miguu kututafuta, jasho likimtoka, akauliza tumekwama wapi. Yah akamwambia hatujakwama, tunapumzika, akamsogezea wali.